Historia fupi ya michoro inayojichora

Karibu kila ofisi ya waandishi wa programu niliyowahi kuingia ina mchoro wa mfumo ukutani. Visanduku, mishale, na pipa la hifadhidata pale chini. Uliza ulichorwa lini, watu watatazamana. Programu imebadilika mara mia tangu siku hiyo, lakini mchoro uko pale pale, umepaushwa na jua la dirishani. Anayeumia ni mgeni aliyeajiriwa juzi, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayeuamini.

Wapo watu waliojaribu kulitatua jambo hili kwa kuifanya tarakilishi ichore yenyewe. Habari yao haisimuliwi sana kwa Kiswahili, kwa hivyo leo nitaisimulia. Sehemu kubwa yake inahusu lugha: lugha ndogo ndogo za shughuli moja tu, zilizokaa katikati ya programu inayosoma msimbo na programu inayochora.

Tuanzie Marekani, mwaka 1947. Herman Goldstine na John von Neumann, katika ripoti zao kuhusu namna ya kuiandalia tarakilishi kazi, walionyesha hatua za programu kwa visanduku na mishale. Desturi ikashika. Kufikia miaka ya 1960 mashirika mengi yalidai kila programu iwe na michoro yake ya mtiririko, na waandishi waliichora kwa kalamu na kipande cha plastiki chenye matundu ya maumbo. Ukigusa msimbo, unachora upya. (Au unajifanya umesahau.)

Hapo akatokea Martin Goetz wa kampuni ya Applied Data Research. Programu yake, Autoflow, ilisoma msimbo uliokwisha kuandikwa na kuchapisha mchoro kwa printa ya mistari, visanduku vikiundwa kwa herufi za kawaida. RCA, waliokuwa wakitengeneza tarakilishi wakati huo, walipewa nafasi ya kuinunua wakakataa. Basi mwaka 1965 kampuni ya Goetz ikaanza kuiuza yenyewe kwa wenye mashine, kwa dola 2,400. Zama hizo programu zilikuja bure pamoja na mashine, ndiyo maana Autoflow hutajwa miongoni mwa programu za kwanza kabisa kuuzwa kama bidhaa. Kwa hivyo biashara inayotulisha sisi sote ina deni kwa mchoro wa mtiririko! Goetz alifariki mwaka 2023, na sidhani wengi katika fani yetu walijua.

Ila Autoflow ilijua mchoro wa aina moja tu, na mchoro wenyewe haukupendwa na waliotakiwa kuusoma. Fred Brooks, aliyesimamia uundaji wa OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 katika The Mythical Man-Month kwamba mchoro wa mtiririko umesifiwa kupita kiasi. Hakuwahi kumwona mwandishi mzoefu aliye na mazoea ya kuuchora kwa kina kabla ya kuandika programu. Palipo na amri ya ofisi, unachorwa baadaye ili kumridhisha mkubwa. Mwaka 1986 akaongeza jambo zito zaidi: programu haina umbo la kuonekana. Ukijaribu kuichora hupati grafu moja, unapata kadhaa zilizolaliana. Nani anamwita nani, data inapita wapi, nini kinasubiri nini.

Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha habari yote hii. Kama michoro ni mingi, chombo cha mchoro mmoja hakitoshi, hata kiwe kizuri namna gani. Unahitaji njia ya kutengeneza chombo kipya asubuhi na kukitumia kabla ya chai ya saa nne.

Njia hiyo ilikuwa tayari inapikwa Bell Labs, walikozaliwa Unix na ndugu zake. Stephen Johnson alikuwa ameandika yacc, na Mike Lesk na Eric Schmidt (ndiye huyo huyo aliyekuja kuiongoza Google) wakaandika lex. Kwa vyombo hivyo viwili, kuunda lugha mpya kulikoma kuwa kazi ya miaka. Brian Kernighan akavitumia kuunda pic, lugha ya kuchora ndani ya maandishi, aliyoieleza kwa makala mwaka 1982. Unaandika kisanduku, mshale, kisanduku, na pic inavichora kwa mpangilio huo. Jon Bentley aliziita lugha za namna hii "lugha ndogo" katika safu yake ya mwaka 1986, na pic ilikuwa mfano wake mkuu.

Tatizo la pic ni kwamba wewe ndiye unayepanga vitu mahali pake. Kwa visanduku sita si neno. Kwa sitini ni adhabu.

Mwaka 1988 Emden Gansner, Stephen North na Kiem-Phong Vo, wa Bell Labs vile vile, walichapisha habari za programu iliyoitwa dag. Lugha yake ilikuwa ndogo kuliko hata pic, kwa sababu iliondoa suala la mahali. Unataja tu nani ameunganishwa na nani, dag inaamua pa kuviweka, kisha inatoa maandishi ya pic au PostScript. Yaani programu moja inaandika lugha inayosomwa na programu nyingine. Mrithi wake ni dot, ambayo wengi wenu mnayo kwenye mashine zenu kupitia Graphviz:

digraph mfumo {
  fomu -> malipo;
  malipo -> hifadhidata;
  ripoti -> hifadhidata;
}

Hiyo ndiyo lugha karibu yote. Kazi iko nyuma ya pazia, na ilielezwa katika makala ya mwaka 1993 ya Gansner, Eleftherios Koutsofios, North na Vo, wakiendeleza njia ya Wajapani watatu, Sugiyama, Tagawa na Toda, ya mwaka 1981. Kwanza mishale inayozunguka na kurudi ilikotoka hugeuzwa kwa muda ili mzunguko ukatike. Kisha kila kisanduku hupewa ngazi, kwa hesabu ya simpleksi ya mitandao, ukoo mmoja na hesabu za kusafirisha mizigo kwa gharama ndogo. Hapa gharama ni urefu wa mishale. Baada ya hapo visanduku vya kila ngazi hupangwa kushoto na kulia ili mishale isikatane ovyo. Kupata mpangilio bora kabisa ni kazi ngumu mno hata kwa ngazi mbili tu, kwa hivyo dot hubahatisha kwa akili: inapanda na kushuka ngazi, inabadilishana majirani, inaacha baada ya mizunguko kadhaa (katika makala ile ni 24). Mwisho inatafuta vipimo kamili na kupinda mishale ipite pembeni mwa visanduku.

Umuhimu wa dot kwa usanifu wa programu hauko katika uzuri wa picha. Uko katika urahisi wa kuandikwa na programu nyingine. Mistari kumi ya awk inayosoma maagizo ya import katika mafaili ya Java tayari ni chombo cha kuchora usanifu. Ukitaka mchoro mwingine, unabadilisha mistari kumi, humgusi mchoraji. Yih-Farn Chen na wenzake walilifanya hilo kwa kiwango kikubwa katika mfumo wao wa CIA (msicheke, ni kifupi tu cha jina) ulioelezwa mwaka 1990. Ulichambua msimbo wa C na kuweka katika hifadhidata mafaili, fanksheni, aina za data, vigeu vya jumla na makro, pamoja na uhusiano wao. Swali lolote kwa hifadhidata liliweza kugeuka mchoro. Doxygen ya Dimitri van Heesch, iliyoanza mwaka 1997, ilikuja kuitumia dot kwa namna hiyo hiyo, na ndiyo iliyowafikisha watu wengi huku bila wao kujua.

Lakini mchoro uliotolewa kwenye msimbo mkubwa una ugonjwa wake. Unakuwa tambi. Ni wa kweli kabisa na hausomeki. Ule wa ukutani unasomeka vizuri na ni wa uongo. Waliopata dawa niipendayo ni Gail Murphy, David Notkin na Kevin Sullivan, mwaka 1995. Wewe andika usanifu unavyouamini, moduli chache na mishale yake. Programu itoe mishale halisi kutoka kwenye msimbo. Kisha andika jedwali fupi linalosema faili gani ni la moduli gani. Hatimaye unapata mchoro mmoja: mshale mzima pale unapoamini sawa, mshale wa vistari pale msimbo una jambo usilolitaja, na wa nukta pale ulipotaja jambo lisilokuwemo. Mhandisi wa Microsoft aliitumia njia hii kwenye Excel, iliyokuwa na zaidi ya mistari milioni moja ya C.

Mimi niliiga njia hiyo kwa mfumo wa malipo wa mteja mmoja. Mchoro niliokabidhiwa ulisema moduli ya ripoti inasoma tu hifadhidata. Awk na dot zikanipa mshale mmoja wa vistari, kutoka ripoti kwenda malipo. Nikaufuata hadi ndani ya msimbo: ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa ikiita fanksheni inayotuma upya miamala iliyokwama. Ukichapisha ripoti mara mbili, pesa ya mtu inatoka mara mbili. Mshale huo haukuwa katika karatasi yoyote.

Miaka ya UML naipita haraka. Tuliuziwa vyombo ghali vya kuchora kwa kipanya, na kazi yote ikafungwa ndani ya mafaili yasiyosomeka na kitu kingine. Cha kukumbukwa zaidi ni Mondrian, iliyotoka Chuo Kikuu cha Bern mwaka 2006: Michael Meyer, Tudor Gîrba na Mircea Lungu waliweka lugha ya michoro ndani ya Smalltalk yenyewe. Mistari michache inatosha kusema kila darasa liwe kisanduku, upana wake ni idadi ya sifa, urefu ni idadi ya methodi, weusi ni mistari ya msimbo, na mishale ni urithi. Badilisha mstari, una chombo kipya. Saa nne haijafika.

Kisha zikaja zile mnazozijua: PlantUML mwaka 2009, ambayo kwa michoro ya madarasa iliegemea dot ile ile, na Mermaid ya Knut Sveidqvist mwaka 2014, ambayo GitHub walianza kuichora moja kwa moja mwaka 2022. Structurizr ya Simon Brown ilipata lugha yake mwaka 2020, nayo inatenganisha mfumo na michoro yake, kwa hivyo maelezo ni yale yale ila picha ni nyingi. Ninazitumia zote. Lakini nyingi zinaandikwa kwa mkono, na maandishi ya mkono hupauka kama karatasi ya ukutani. Kwa hivyo kwenye kila mradi nina mafaili mawili ya dot yaliyopangwa kwa alfabeti: moja nimeliandika mwenyewe, jingine limetolewa kwenye msimbo, na kila usiku diff inayalinganisha na kunitumia barua pepe.