Padre wa Vijana katika Jimbo Katoliki la Mpanda

Padre wa vijana, kwa desturi ya majimbo Katoliki ya Tanzania, ni padre aliyekabidhiwa na askofu malezi ya vijana wa jimbo, dekania au parokia. Kwa cheo huitwa mkurugenzi au mlezi. Waamini hawajali sana vyeo: padre yeyote ambaye vijana humpigia hodi kabla ya kwenda kwa mtu mwingine, huyo kwao ndiye padre wa vijana. Mkoani Katavi kazi hii ina umri mkubwa kuliko Jimbo la Mpanda lenyewe, na ina sura yake ya pekee, kwa sababu tangu mwanzo imewahusu hasa vijana waliofika huku bila ukoo.

Shanwe, moja ya kata za Manispaa ya Mpanda, ni mahali pazuri pa kuanzia. Wenyeji wa kale wa nchi hii ni Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, lakini mji wenyewe umekuzwa na wageni. Reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita zipatazo 210, ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ulifungwa miaka kumi baadaye. Reli ikabaki, na watu wakaendelea kuja. Wamekuja wafugaji na wakulima kutoka Usukumani, Wafipa kutoka kusini, watafuta dhahabu, wakulima wa tumbaku na mpunga. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi. Ile ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Mkoa ulioongezeka zaidi ya mara mbili kwa miaka kumi ni mkoa wa vijana, na wengi wao wameacha bibi, wajomba na mashangazi mbali. Kijana wa namna hii akiugua hana wa kumpikia uji. Akitaka kuoa hana mshenga.

Jimbo la Mpanda lilimegwa kutoka Jimbo la Sumbawanga mwaka 2000, na askofu wake wa kwanza alikuwa Paschal Kikoti, aliyefariki mwaka 2012. Alifuatwa na Gervas Nyaisonga, ambaye mwaka 2018 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Mbeya, kisha Eusebius Nzigilwa, aliyeteuliwa mwaka 2020 akitokea Dar es Salaam. Lakini mizizi ya malezi ya vijana katika eneo hili haiko mjini. Iko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Karema ilianza kama kituo cha Wabelgiji, kilichojengwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Shirika hilo lilianzishwa Algeria mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, ambaye aliwaagiza mapadre wake kusema lugha ya watu wanaoishi nao, kula chakula chao na kuvaa kama wao. Njia za biashara ya watumwa zilipita hapo ziwani. Mapadre waliwakomboa watoto kwa fedha na bidhaa, wakawaweka misheni, wakawafundisha kusoma, kulima na ufundi. Ndio waliokuwa vijana wa kwanza wa Kanisa la Katavi: watoto wasiojua tena kijiji cha mama zao kiko upande gani.

Si kila kitu katika malezi hayo kinafaa kusifiwa. Misheni ilikuwa mlezi, mwajiri na hakimu kwa wakati mmoja. Waliokombolewa waliishi katika vijiji vya misheni chini ya amri ya mapadre, wakaozeshwa wenyewe kwa wenyewe, wakapewa shamba, na ratiba ya siku yao ikapangwa na kengele. Kijana aliyetoka katika mnyororo alihitaji ulinzi, hilo halina ubishi; lakini alihitaji pia kuulizwa anataka nini, na mara nyingi hakuulizwa.

Aliyeonyesha nini kinawezekana pale kijana anapoaminiwa ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866 katika bonde la Mto Niger, si mbali na Timbuktu, nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na Mapadre Weupe huko Algeria. Wakamsomesha. Lavigerie alikuwa amefungua katika kisiwa cha Malta chuo cha kuwafundisha udaktari vijana Waafrika waliokombolewa, na Atiman alikuwa mmoja wao. Mwaka 1888 aliingia katika msafara uliotoka pwani kwenda bara, na mapema 1889 akafika Karema, kijana wa miaka ishirini na kitu, akiwa na mkoba wa dawa na jina la kazi alilokuja kulibeba maisha yake yote: katekista na daktari.

Hakuondoka tena. Alitibu majeraha ya vita, homa na ndui. Alipasua alipolazimika kupasua. Alijifunza dawa za miti kutoka kwa waganga wenyeji na kuzitumia pamoja na zile za kizungu. Alioa mwenyeji, Agnes Wansahira, na hapo ndipo mgeni asiye na ukoo alipopata ukoo. Mtoto wao Joseph alipewa upadre mwaka 1923, akiwa miongoni mwa mapadre Waafrika wa mwanzo katika Tanganyika. Atiman alisimulia maisha yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946, akafariki mwaka 1956. Miaka 67 mahali pamoja! Hospitali ya Dkt. Atiman mjini Sumbawanga inatunza jina lake, na vilevile Atiman House, nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam.

Atiman mwenyewe hakuwa padre. Ametajwa hapa kwa sababu yeye ni tunda la kazi ya Mapadre Weupe kwa vijana, na kwa sababu maisha yake yaliweka kipimo: kijana alipewa ujuzi wa mikono, akapelekwa mahali penye uhitaji, akaachiwa kazi aifanye.

Wimbi la pili la vijana wasio na ukoo lilikuja mwaka 1972, wakati mauaji ya Burundi yalipowakimbiza watu kwa maelfu kuvuka mpaka. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi ya msitu katika makazi ya Katumba na Mishamo, ambayo yote mawili leo yako mkoani Katavi, na Ulyankulu mkoani Tabora. Watoto waliofika mgongoni mwa mama zao walikulia humo, wakafyeka, wakalima mahindi na tumbaku, wakajaza madawati na makanisa. Hatimaye zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi hao na uzao wao walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vikagawiwa kwa wingi kuanzia mwaka 2014. Kwa parokia za eneo hili jambo hilo lilikuwa na maana ya kila siku: kijana aliyezaliwa Katumba, aliyebatizwa Katumba, asiyejua nchi nyingine, aliweza sasa kujaza fomu ya chuo bila kusita kwenye mstari wa uraia.

Swali la kijana asiye na ukoo halikuishia Katavi. Jijini Nairobi, mwaka 1973, Padre Arnold Grol, Mholanzi wa shirika lile lile la Mapadre Weupe, alianzisha chama cha kuwasaidia watoto wa mitaani walioitwa parking boys kwa sababu walijipatia riziki kwa kuwaelekeza madereva mahali pa kuegesha magari. Chama akakiita Undugu. Alikuwa amelitambua pengo lile lile: watoto hawa walihitaji chakula na shule, ndiyo, lakini juu ya yote walihitaji ndugu. Undugu ilibuni elimu ya msingi iliyofupishwa kwa waliochelewa, kisha ikawaweka vijana karibu na mafundi wa jua kali wajifunze kushona, kuchomelea na useremala. Mtindo huo wa kumkabidhi kijana kwa fundi badala ya kusubiri kujenga chuo unafaa sana mji kama Mpanda, wenye gereji na mafundi seremala wengi kuliko vyuo.

Padre wa leo ana vyombo ambavyo mapadre wa Karema hawakuwa navyo. Kwanza ni jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970. Mgeni anayehamia Shanwe na kujiandikisha katika jumuiya hupata majirani kumi au ishirini watakaomjua kwa jina, watakaokuja akifiwa na watakaomkumbusha michango asipotoa. Kwa aliyeacha ukoo mbali, hilo si jambo dogo. Pili ni vyama vya vijana: TYCS kwa wanafunzi wa sekondari, TMCS kwa wa vyuo, na VIWAWA, Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, kwa walio nje ya shule.

VIWAWA ina asili ya mbali. Joseph Cardijn, mtoto wa familia ya wafanyakazi huko Ubelgiji, aliporudi nyumbani likizo akitoka seminari aliwakuta wenzake wa shule ya msingi wameingia viwandani na migodini. Wakamtazama kama mtu aliyewahama. Jambo hilo lilimuuma maisha yote. Baada ya upadrisho aliwakusanya wafanyakazi vijana, na mwaka 1925 chama chao, chimbuko la VIWAWA, kikapata sura rasmi. Aliwafundisha hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Papa Paulo wa Sita alimfanya kardinali mwaka 1965.

Hatua hizo tatu zinaonekana vizuri zikipelekwa kwa bodaboda. Chukua mkataba wa pikipiki kama unavyojulikana katika miji yetu. Tajiri ananunua pikipiki. Kijana anaiendesha na kupeleka hesabu kila wiki, kwa makubaliano kwamba baada ya mwaka au zaidi itakuwa yake. Mara nyingi makubaliano ni ya mdomo. Kijana anaandika hesabu kwa kalamu ya wino katika daftari la kurasa 48, ambalo mvua ya masika imekwisha kuligandisha kurasa. Akilala na malaria wiki mbili, au pikipiki ikikamatwa, tajiri anaichukua, na miezi kumi ya hesabu inakwenda nayo. Kuona ni kulifungua daftari hilo mbele ya wenzake na kujumlisha: amelipa kiasi gani, bado kiasi gani, karatasi ya mkataba iko wapi. Kuamua ni kupima jambo hilo kwa haki, na hapa padre ana la kusema, kwa sababu Kanisa limefundisha juu ya ujira wa haki tangu waraka wa Papa Leo wa Kumi na Tatu wa mwaka 1891. Kutenda ni kwenda na mashahidi kwa tajiri, kuandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kuanzisha mfuko wa akiba utakaomlipia mgonjwa hesabu ya wiki mbili. Mahubiri peke yake yasingeirudisha pikipiki hiyo.

Kwa wasichana kazi ni ngumu zaidi, na hapa ndipo padre hukutana na mpaka wake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, kiwango kilichoongoza nchini. Wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 27. Msichana hamwendei mwanamume, hata kama amevaa kola, kumweleza jambo kama hilo. Humwendea mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, au sista. Ndiyo maana Masista wa Maria Malkia wa Afrika, shirika lililoanzishwa Karema na Askofu Adolphe Lechaptois mwanzoni mwa karne ya 20, wana sehemu katika kazi hii ambayo hakuna padre anayeweza kuijaza. Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatiza masomo kwa kujifungua warudi shuleni. Ruhusa hiyo huhitaji mtu wa kwenda nyumbani, kuketi na baba mwenye hasira na kuzungumza naye hadi akubali binti arudi darasani. Padre akitumia heshima yake mlangoni mwa nyumba hiyo, amefanya kazi ya vijana kubwa kuliko bonanza la mpira la siku nzima.

Udhaifu mkubwa wa kazi hii ni uhamisho. Padre wa jimbo hupangiwa kituo na askofu, hukaa miaka kadhaa, kisha barua inakuja. Kwaya inaimba, michango ya kumuaga inakusanywa, na mara nyingi kikundi cha vijana kinalegea kabla mrithi hajawajua kwa majina. Hivyo padre wa vijana anayestahili jina hilo huanza mapema kuwakabidhi vijana wenyewe uenyekiti, ufunguo wa kabati, daftari la akiba na haki ya kumpinga kikaoni. Wazee wa parokia wanaoombwa kumsaidia mara nyingi hutoa jezi na mipira. Vijana wa Shanwe watafaidika zaidi na fundi mmoja atakayekubali kumpokea kijana mmoja gerejini kwake mwaka mzima.