Mashine ya Boti na Maji Mafupi: Ziwa Nyasa Linatufundisha Nini Kabla ya Kuchanga



Miongoni mwa maombi yaliyo mbele ya harambee ya mwaka huu, liko moja lililozua mjadala mrefu kuliko mengine. Vijana wetu walioshuka Kyela na kuanza uvuvi kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa wana boti ya mbao wanayoiendesha kwa makasia. Wanaomba tuwasaidie kupata mashine. Vikaoni yaliulizwa maswali mawili. La kwanza: Lupepo ni nchi ya milima, ziwa linatuhusu nini? La pili liliulizwa na wale waliokwisha kukubali: kama tunanunua, kwa nini tusinunue mashine kubwa kabisa, tukamaliza?

Ni maswali ya haki, kwa kuwa fedha ni za watu. Tumeona tuyajibu kwa historia ya vyombo na mashine katika pembe yetu ya kaskazini ya ziwa, maana waliotutangulia walikwisha kuyajibu kwa gharama kubwa.

Rungwe ilifunguliwa na ziwa

Watoto wetu wanapopanda basi Tukuyu kwenda Mbeya, hudhani hiyo ndiyo njia ya siku zote ya kutoka kwetu kwenda duniani. Haikuwa hivyo. Wamisionari wa Moravian waliofika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891 hawakutokea Mbeya. Walipanda Mto Zambezi na Mto Shire, wakaingia Ziwa Nyasa, wakateremka kaskazini mwa ziwa, ndipo wakakwea milima. Mwaka huohuo Misheni ya Berlin, ikiongozwa na Alexander Merensky, iliingia Unyakyusa kwa njia hiyohiyo ya maji. Kanisa, shule na hospitali za kwanza za kwetu zilipitia ziwani.

Njia hiyo ilifunguliwa na mashine. Mwaka 1875 meli ndogo ya mvuke iitwayo Ilala, chini ya E. D. Young, ilikuwa ya kwanza ya aina yake kuelea Ziwa Nyasa. Mto Shire una maporomoko ambayo chombo hakiwezi kuyapita, kwa hiyo meli ilifunguliwa vipandevipande na wapagazi wakaibeba kuyazunguka. Huko juu ikaunganishwa upya. Ilala ilifika kwa sababu waliopanga safari walianza na njia: maji yako wapi, ni mafupi wapi, na kipande kizito kiasi gani kinaweza kubebwa na watu.

Wajerumani nao walileta yao mwaka 1893, meli ya Hermann von Wissmann. Wana-harambee wanapaswa kuijua, kwa kuwa fedha zake zilitokana na michango na bahati nasibu iliyochezeshwa Ujerumani na kamati ya kupinga utumwa. Lengo lililotangazwa kwa wachangiaji lilikuwa kupambana na biashara ya watumwa, ingawa meli hiyo ilitumika pia kusimika utawala wa kikoloni juu ya babu zetu. Mchango ni mchango, lakini anayechanga ana haki ya kuuliza chombo kitafanya kazi gani na chini ya nani.

Tazameni Wissmann alikojenga kituo chake. Hakukijenga kwenye tambarare ya Kyela, karibu na watu na vyakula. Alikijenga Langenburg, upande wa mashariki, chini ya Milima ya Livingstone. Huko mlima unaingia ziwani moja kwa moja, na hatua chache kutoka ufukweni maji ni marefu. Ziwa letu lina kina kinachofikia takriban mita 700 mahali pake parefu kabisa. Baadaye makao ya utawala yalihamishiwa milimani, yakaitwa Langenburg Mpya, ndiyo Tukuyu yetu ya leo.

Meli hiyo ndiyo iliyopigwa na Waingereza huko Liuli, wakati ule ikiitwa Sphinxhafen, tarehe 13 Agosti 1914, vita kuu ilipoanza. Ilikutwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Chombo kilichokuwa nguvu ya Wajerumani ziwani hakikuweza kujitetea, kwa kuwa siku hiyo hakikuwa majini.

Udongo wetu, maji yao

Sasa turudi kwenye swali la kwanza: ziwa linatuhusu nini sisi wa milimani?

Tukuyu na vitongoji vyake hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo haibaki kwetu. Inashuka kwa Mto Kiwira, kwa Mbaka, kwa Lufilyo na vijito vingi, inaingia tambarare ya Kyela, na inaishia Ziwa Nyasa. Haishuki peke yake. Inabeba udongo wa mashamba yetu ya miteremkoni, na mto unapofika tambarare na kupunguza kasi, udongo unatua. Ndiyo maana Kyela inaota mpunga mzuri, na ndiyo maana midomo ya mito yake imejaa mchanga na matope.

Historia ya bandari zetu imeandikwa kwa mchanga huo. Zamani za ukoloni vyombo vilitia nanga Mwaya. Baadaye ikaja Itungi, ambayo wengi wetu tuliipanda utotoni tukienda Matema, Manda au Mbamba Bay kwa MV Songea na MV Iringa. Itungi nayo ikasumbuliwa na mchanga na kupungua kwa kina, hata meli zikalazimika kutumia Kiwira. Katika miaka ya karibuni Serikali imeleta meli mpya, za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, na ya abiria na mizigo MV Mbeya II iliyozinduliwa mwaka 2021. Hata hizo, ziwe na nguvu kiasi gani, haziwezi kupita mahali ambapo maji hayatoshi.

Basi tusiseme ziwa halituhusu. Maji mafupi wanayohangaika nayo vijana wetu kule chini yametengenezwa kwa sehemu na majembe yetu huku juu. Na kitoweo cha usipa na mbasa kinachouzwa kwenye masoko yetu kinatoka huko.

Mashine ndogo inaingia

Kwa karne nyingi pwani ya ziwa letu iliendeshwa kwa kasia. Wakisi wa upande wa Matema walisafirisha vyungu vyao maarufu kwa mitumbwi ya gogo, na chungu cha Mkisi kilifika jikoni kwa bibi zetu milimani. Mtumbwi ulikuwa na sifa moja kubwa: unazama kidogo sana majini, unapita penye maji ya magotini, na mchanga ukiuzuia, watu wanashuka wakausukuma.

Mashine ya kupachika nyuma ya boti ilianza kuuzwa kwa wingi Marekani baada ya mwaka 1909, na Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwei aliyeishi Milwaukee. Ubora wake haukuwa nguvu. Ubora wake ulikuwa kwamba mtu mmoja aliweza kuibeba, kuifunga kwenye boti aliyokuwa nayo, na jioni kuifungua akaenda nayo nyumbani. Mwaka 1960 Yamaha ya Japani nayo ikatoa mashine yake ya kwanza ya aina hiyo, na mashine zake ndizo zilizozoeleka sana kwenye maziwa yetu na pwani ya Afrika Mashariki. Mvuvi akisema tu “mashine”, mara nyingi ndiyo anayoikusudia.

Kuchagua: kina kwanza, nguvu baadaye

Hapa ndipo penye jibu la swali la pili. Wahenga wa pwani walisema kila chombo kwa wimbi lake. Tumewasikiliza wavuvi na mafundi, na haya ndiyo tuliyoyapima.

Kwanza ni urefu wa mguu wa mashine. Mashine hizi huja na mguu mfupi wa takriban sentimita 38, au mrefu wa takriban sentimita 51. Unaochaguliwa ni ule unaolingana na ubao wa nyuma wa boti, ili bamba lililo juu ya pangaboi likae karibu sawa na chini ya boti. Mguu ukizidi, pangaboi linalima mchanga. Ukipungua, linavuta hewa na mashine inanguruma bure. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani ubao wa boti upimwe kwa futi, usikadiriwe kwa macho.

Pili ni nguvu. Boti nzito ya mbao yenye nyavu, taa na watu wanne au watano haigeuki kuwa ya mwendo kasi kwa kufungiwa mashine kubwa. Ikifika mwendo wake wa kawaida, nguvu inayozidi inazamisha tezi na kuinua omo. Kwenye maji mafupi hilo ni hatari, kwa sababu tezi ndiko liliko pangaboi. Zaidi ya hayo, mashine ya nguvu za farasi 40 huzidi kilo 70, wakati ya farasi 15 iko karibu na kilo 40. Ya 15 vijana wawili wataifungua na kuipandisha salama usiku wakirudi. Ya 40 italala ufukweni, na tunajua vitu vinavyolala ufukweni hupatwa na nini.

Tatu ni namna inavyonyanyuka. Mashine inayofaa mdomo wa mto iwe na sehemu ya kuifunga ikiwa imeinuliwa nusu, ili ipite polepole kwenye kina kifupi huku bado inavuta maji ya kujipoza. Mashine ikivuta mchanga badala ya maji, raba ya pampu yake inalika na mashine inachemka. Anayeshika mpini aangalie daima mchirizi wa maji unaotoka pembeni, ukikatika, azime.

Nne ni aina ya injini. Ile ya kuchanganya oili na petroli ni nyepesi, ina vipuri vingi, na mafundi wengi wa pikipiki wanaielewa, ila inakunywa mafuta. Ile isiyochanganywa inakunywa kidogo na haina moshi mwingi, lakini ni nzito na bei yake iko juu. Nchini Thailand na Vietnam wavuvi wa maji mafupi hutumia injini ya kawaida iliyounganishwa na mti mrefu wenye pangaboi mwishoni, ambalo huinuliwa juu ya maji kwa kusukuma mpini chini. Ni werevu unaofaa kwenye mito na vinamasi. Lakini vijana wetu wanatoka nje ya mdomo wa mto kufuata usipa usiku, na kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini, ambao majirani zetu wa Malawi huuita mwera, hupandisha mawimbi makubwa. Kwa hiyo tumeiacha.

Tano, na hili ndilo lenye uzito kuliko yote, ni matunzo. Kumbukeni meli ya Wissmann iliyokutwa nchi kavu. Mashine isiyo na plagi ya akiba, pangaboi la pili, oili ya gia na raba ya pampu ni mzigo kwenye ubao wa boti.

Tunachopendekeza

Kamati inapendekeza mashine moja ya farasi 15, ya kuchanganya oili, yenye mguu utakaochaguliwa baada ya kupima boti. Tofauti ya bei kati yake na ile kubwa isirudi mfukoni. Inunue pangaboi la pili, vipuri, vifaa vya fundi, na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mvuvi, kwa maana hatutaki kuchangia mashine leo na jeneza kesho. Sehemu ya mauzo ya kila mwezi iwekwe kando kwa matengenezo, na hesabu zake zisomwe mbele ya wanachama kwenye mkutano wa mwaka, kama tunavyosomewa hesabu za madawati.

Tunapendekeza pia jambo lisilohitaji fedha nyingi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Kila kitongoji cha Lupepo kipande miti na matete kwenye kijito chake, na mashamba ya miteremkoni yachimbwe makinga maji. Udongo utakaobaki huku juu utatupa mavuno sisi, na hautazidi kuziba njia ya boti ya watoto wetu kule chini.

Anayeweza kuchangia fedha, achangie. Mwenye plagi au jaketi, alete. Asiye na kitu ana jembe na mche wa mti. Mweka hazina atapokea na kutoa stakabadhi kwa kila kinachotolewa, kiwe kikubwa au kidogo.