Mafundi Weusi Nyuma ya Pikipiki ya Easy Rider, Majina Yao Yaliachwa Wapi?

Hata kama hujawahi kuiangalia filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969, pikipiki yake unaijua. Tenki dogo lenye bendera ya Marekani, shokapu za mbele ndefu kama ngazi, usukani umepanda juu, kromu inang'aa kila kona. Ipo kwenye fulana, mabango na tattoo za watu kibao. Inajulikana kama Captain America, na ndani ya filamu anaiendesha Peter Fonda. Mwenzake Dennis Hopper, ambaye pia ndiye aliyeongoza filamu, anaendesha nyingine yenye michoro ya moto kwenye tenki.

Sasa subiri majina yapite mwisho wa filamu. Utamwona mpiga picha, utaona wanamuziki na hao waigizaji. Waliounda pikipiki humo huwaoni.

Kwa miaka mingi watu waliambiwa tu kwamba Fonda alizibuni mwenyewe, story ikaishia hapo. Kumbe mzigo ulibebwa na Wamarekani weusi wawili wa Los Angeles. Cliff Vaughs ndiye aliyesimamia mradi mzima, na Ben Hardy ndiye aliyeshika spana. Kulikuwa na wasaidizi wengine, akiwemo fundi mwingine aliyekuwa karibu na Vaughs, lakini hao wawili ndio moyo wa kazi.

Kabla hatujawafikia, turudi nyuma kidogo, maana chopa (sio ile helikopta ya kampeni jamani) haikuanzia kwenye sinema. Ilianzia nyumbani kwa watu. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha mwaka 1945, vijana wa Marekani walirudi wakiwa wamezoea pikipiki za jeshi. Harley-Davidson peke yake ilikuwa imetengeneza makumi ya maelfu ya WLA kwa ajili ya vita. Baadaye nyingi ziliuzwa kwa raia kwa bei ya kutupa. Zilikuwa nzito, zimejaa vyuma visivyo na kazi mtaani. Mtu anaiingiza uani, anafungua madigadi ya mbele, anakata la nyuma, anatupa kila kinachoongeza uzito. Pikipiki inakuwa nyepesi, inakimbia. Hizo ziliitwa boba. Baadaye watu wakahama kutoka kufungua vitu hadi kukata fremu yenyewe, na neno chopa linatokana na huko kukata.

Kukata fremu sio utani. Shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, inapigwa msumeno, inalazwa nyuma, halafu inachomelewa upya. Kisha unaweka shokapu ndefu zaidi ili mbele isidondoke. Ukilaza sana, pikipiki inakuwa nzito mkononi kwenye spidi ndogo, kona inaikataa kabisa. Ukichomelea vibaya, siku moja fremu inakatika ukiwa barabarani, na hapo hakuna cha kusimulia. Kompyuta ya kupima hizo nyuzi hakuna. Kuna jicho, mkono na uzoefu.

Hardy alikuwa na huo mkono. Gereji yake ilikuwa South Central, mtaa wa watu weusi, na waendesha pikipiki wa eneo lile walikuwa wanamfahamu vizuri. Weusi walikuwa na utamaduni wao wa chopa muda mrefu kabla ya Hollywood kushtuka. Kule Oakland, klabu ya East Bay Dragons ilianza mwaka 1959, klabu ya weusi watupu wakipanda Harley walizozikata wenyewe. Vaughs naye hakuwa mtu wa kupiga picha na pikipiki tu. Alikuwa mwanaharakati wa SNCC, ile kamati ya wanafunzi iliyopigania haki za weusi kusini mwa Marekani, na alikuwa mpiga picha na mtu wa redio.

Fonda na Hopper walipotaka pikipiki za filamu yao, Vaughs akapewa kazi. Malighafi yenyewe sasa, wadau, ndiyo inayochekesha. Zilinunuliwa Harley zilizotumika za polisi wa Los Angeles, kwenye mnada, kwa takriban dola 500 kila moja. Yaani ile alama ya uhuru na kutotii sheria ilianza maisha ikiwafukuza wavunja sheria.

Ziliundwa nne, mbili za Fonda na mbili za Hopper, ili moja ikiharibika kazi isisimame. Injini zilikuwa Panhead za cc 1200, za miaka ya kuanzia 1949 hivi. Fremu za nyuma zilikuwa ngumu, hakuna springi, shimo la barabarani unalipokea kwa uti wa mgongo. Captain America haikuwa hata na breki ya mbele. Ukitazama tena filamu ukijua hilo, heshima yako kwa mapaja na mgongo wa Fonda itaongezeka.

Vaughs aliondolewa kwenye kazi mapema, baada ya awamu ya kwanza ya kupiga picha. Filamu ikaendelea bila yeye, na jina lake likabaki nje. Easy Rider iligharimu takriban dola 400,000 na kuingiza mamilioni kwa mamilioni. Ndani ya hadithi yenyewe, watu weusi wanaonekana wakipitwa tu kando ya barabara. Pikipiki walizounda zinakatiza mbele yao, zimepandwa na wazungu.

Hapa kuna watu watasema, mbona mafundi wengi wa vifaa vya filamu hawakutajwa enzi zile? Sawa, ni kweli. Ila sio kila kifaa kinakuwa uso wa filamu. Hii pikipiki ilikuwa mhusika. Ukiitoa, unabaki na washkaji wawili wanatembea jangwani.

Halafu angalia kilichofuata. Harley-Davidson, ambayo haikuwa na mapenzi na hao wakata fremu, mwaka 1971 ikatoa Super Glide, pikipiki ya kiwandani yenye mwonekano wa kujitengenezea. Mwaka 1984 ikaja Softail, inayoonekana kama ile fremu ngumu isiyo na springi, kumbe shokapu zimefichwa chini. Wazo la Softail lilitoka kwa mhandisi mmoja wa St. Louis, Bill Davis, aliyekuwa anahangaika na pikipiki yake mwenyewe. Yeye alisajili hataza, akaiuzia kampuni. Alilipwa, na historia inamtaja. Umbo ambalo Hardy na wenzake walilichonga kwa msumeno na moto halikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha ni la nani.

Tatu kati ya pikipiki nne ziliibwa kabla filamu haijatoka, na hadi leo hazijulikani zilipo. Inawezekana kabisa zilifunguliwa na kuuzwa kipande kipande na watu wasiojua wameshika nini. Iliyobaki ni ile iliyoharibiwa kwenye tukio la mwisho, ambayo mabaki yake yalikarabatiwa baadaye.

Mwezi Oktoba 2014 pikipiki iliyotajwa kuwa ndiyo hiyo ikapanda mnadani California na kugongewa nyundo kwa dola milioni 1.35, bila ada. Kelele zikaanza papo hapo, kwa sababu kulikuwa na nyingine Texas nayo ina cheti cha uhalisi, na vyeti vyote viwili vilikuwa na saini ya mtu yuleyule. Wataalamu wakaanza kukagua picha za zamani, kupima fremu, kulinganisha alama za kuchomelea.

Mtu wa kumuuliza angekuwa Hardy, ambaye kazi ya mkono wake angeitambua kwa kuipapasa tu pale shingoni. Alikuwa amefariki mwaka 1994.