KADHI ALIYEMTULIZA IBN BATTUTA: HISTORIA FUPI YA MAZINGAOMBWE YA MTAANI



Ndugu zangu, somo la leo limetokana na ujumbe wa kijana mmoja. Jina lake halina haja. Amejifunza mazingaombwe kwa video za kwenye simu: sarafu inapotea mkononi, karata inabadilika, uzi unakatwa na kuungana. Jioni husimama karibu na stendi ya daladala, watu wanajaa, anapata vijisenti vyake. Aliniomba nimweleze asili ya mchezo huu na jinsi waliotangulia walivyoupanga, kwa sababu bado anajifunza na watu humkimbia kabla hajamaliza.

Mwisho kabisa, kama jambo dogo tu, akaandika kwamba juzi usiku mama mmoja wa mtaani kwao alimgongea mlango, amembeba mtoto mwenye homa. Mama huyo alikuwa amemwona akitoa sarafu sikioni mwa mtu. Akamtia shilingi elfu tano mkononi, akamwomba amwondolee mtoto "kile kitu".

"Sheikh, sikujua nimjibu nini. Elfu tano bado ninayo."

Hilo nitalirudia. Kwanza historia.

Ibn Battuta mnamjua. Ni yule yule aliyelala Mombasa usiku mmoja na kufika Kilwa mwaka 1331. Katika miaka ya 1340 alifika China, katika mji ambao leo unaitwa Hangzhou, akawa mgeni wa amiri wa huko. Siku ya joto kali, uani kwa amiri, akaletwa mtu wa mazingaombwe. Mtu huyo akachukua mpira wa mbao wenye matundu na kamba ndefu za ngozi, akaurusha juu mpaka ukapotea machoni. Akamwamuru mwanafunzi wake aiparamie kamba. Kijana akapanda, akapotea. Akamwita mara tatu, kimya. Naye akashika kisu kama mwenye hasira, akapanda, akapotea pia. Kisha vikaanza kuanguka viungo: mkono, mguu, mkono mwingine, mguu mwingine, kiwiliwili, kichwa. Akashuka anahema, nguo zina damu. Akavipanga vile viungo, akavipiga teke, na kijana akasimama mzima.

Ibn Battuta anasema moyo ulimwenda mbio mpaka akanyweshwa dawa. Pembeni yake aliketi kadhi, Afkhar al-Din. Kadhi akaapa kwamba hapakuwa na kupanda wala kushuka wala kukatwa kiungo, ni kiinimacho tu.

Angalieni hapo. Watu wawili, wote wasomi, wameketi bega kwa bega na kutazama jambo moja. Mmoja anaumwa moyo, mwingine ametulia. Kadhi hakuwa na macho makali zaidi. Alijua tu kwamba ufundi wa namna hiyo upo duniani.

Na wanazuoni wetu waliujua ufundi huu kwa undani ambao wengi hawatarajii. Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 606 Hijria (1210 Miladia), alipofika kwenye tafsiri ya Surat al-Baqara alitaja aina nane za mambo yanayoitwa sihri, na mojawapo ni hii ya kuyateka macho. Akaeleza inavyofanyika. Bingwa wa kazi hii huwaonyesha watazamaji kitu cha kuzishughulisha akili zao na kuyavuta macho yao huko, na wakishazama, anafanya kitu kingine kwa kasi kubwa. Kinafichika kwa sababu mbili, yaani wao wameshughulika na kile cha kwanza, na hiki cha pili kimepita upesi. Wallahi, kijana wangu, ukiangalia video mia moja hutapata maelezo mazuri kuliko hayo, na yana zaidi ya miaka 800! Wewe unahangaika na kasi ya vidole. Al-Razi ametanguliza akili za watu.

Kabla yake Abu Bakr al-Jassas (amefariki mwaka 370 Hijria) alitaja maelezo kuhusu wachawi wa Firauni: kwamba fimbo zao zilikuwa na mvungu na kamba zao zilikuwa za ngozi, zote zimejazwa zebaki, na chini yake moto. Zebaki ikipata joto hutanuka na kusogea. Na kumbukeni nani walisujudu wa kwanza mbele ya Musa (alayhis salaam). Ni wale wale mafundi. Walijua mipaka ya kazi yao.

Sasa suala la mpangilio, maana watu wanamkimbia kijana wetu. Twende Cairo. Mwingereza Edward Lane aliyeishi huko alichapisha mwaka 1836 kitabu kuhusu desturi za Wamisri, na ndani yake kuna maelezo ya watu wanaoitwa hawi, wafanya mazingaombwe wa mitaani. Hawi hakuanza na sarafu, kwani sarafu haionekani na mtu wa safu ya nne. Alikuwa na nyoka, anawatoa kwenye mfuko wa ngozi, na duara la watu linajifunga lenyewe. Alikuwa na watoto wa kumsaidia, na kombe kubwa la baharini analolipuliza kama baragumu. Watu wakishasogea ndipo vinakuja vitu vidogo. Vipande vya karatasi nyeupe vinaingia kwenye chombo cha bati na kutoka vina rangi. Kisha maji yanamiminwa katika chombo kile kile, na yanayotoka ni sharubati, nayo wanapewa watazamaji wainywe. Hapo ndipo penye akili: mtu aliyekwisha kuonja hawezi tena kuondoka kama mpita njia.

Mwisho, hawi anafungwa mikono na miguu, anatiwa kwenye gunia. Akiwa ndani anaomba piasta moja. Anaambiwa autoe mkono aichukue, na mkono unatoka ukiwa huru, unarudi ndani; wakimtoa, amefungwa vile vile. Anatiwa tena, na safari hii anatoka amefunguka, ameshika sinia la vyakula. Pesa ameiomba kabla ya sinia, si baada yake! Kijana wangu, wewe unapitisha kofia wakati watu wameshageuza migongo.

Lakini katika karne ya 13 Miladia alikuwepo mtu wa Damascus, al-Jawbari, aliyeandika kitabu kizima cha kufichua siri za matapeli. Wamo wanaodai utume, masheikh wa uongo, wanaojifanya kugeuza madini kuwa dhahabu, na wanaotoa funza kwenye meno. Huyo wa meno anatumia nini? Vidole vile vile vinavyoficha sarafu! Nani kati yetu hajasikia habari za mganga "aliyetoa" msumari au mfupa mwilini mwa mgonjwa?

Na wakubwa nao wamelitumia. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria Robert-Houdin, fundi saa aliyekuwa bingwa wa mazingaombwe, ili kuvunja heshima ya masheikh ambao iliogopa watawaamsha watu dhidi yake. Alikuwa na kisanduku chenye chuma kitakoni, na sumaku ya umeme imefichwa chini ya jukwaa. Kule Paris kilikuwa mchezo wa sanduku lisiloibika. Alipofika Algiers alibadilisha maneno. Alimwambia mwanamume mwenye nguvu kwamba atamnyang'anya nguvu zake, na yule bwana, ambaye muda mfupi kabla alikiinua kisanduku kwa urahisi, akashindwa kukisogeza. Kisha akapigwa shoti ya umeme. Robert-Houdin mwenyewe amesimulia haya, na kwamba baadaye wakalimani walitumwa kuwaeleza watu kuwa ulikuwa ufundi tu. Kisanduku kilikuwa kimoja na sumaku moja. Kilichobadilika ni kauli.

Hukumu ya kisheria ya mchezo huu nawaachia wenye elimu ya fiqhi, maana imesemwa mengi na post hii imekuwa ndefu. Wallahu a'lam.

Kijana nilimjibu Alhamisi. Nilimwambia aende kwa yule mama mchana, aichukue na ile sarafu, amwonyeshe polepole inapojificha, arudie mpaka mama aweze kuifanya mwenyewe. Ampe na elfu tano yake.

Jana ameniandikia. Alikwenda. Mama alitazama mara tatu, akanyamaza, kisha akamtukana. Wakaenda pamoja zahanati, na mtoto amepimwa, ana malaria, ameanza dawa. Mama bado hamsemeshi.