Aliyepoteza nyumba hakupoteza ufundi wake



Katika kikao kilichopita tulibishana juu ya jambo moja: mtu aliyerudi juzi kutoka kambini, hana kiwanja, hana mdhamini, tumpe mkopo ao angoje kwanza? Tuliachana bila jibu. Leo tunawaletea historia ya mbio za magari, na mtaona ni kwa nini.

Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Haikuwa ya kuzunguka uwanja. Ilikuwa mbio ya uvumilivu: miaka ile ya 1970 ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000, usiku na mchana, wakati wa Pasaka mvua ikinyesha. Sisi tunaopanda Ngomo kwenda Bukavu, tope lile tunalijua. Kila kituo kilikuwa na saa yake; ukichelewa dakika moja, unahesabiwa pointi moja ya adhabu. Mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, kati ya zaidi ya 80 yaliyoanza.

Mwaka 1970 alishinda Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, pamoja na mwenzake Hans Schüller, kwa gari la Datsun. Mwaka 1971 wakashinda tena. Wa pili nyuma yao alikuwa kijana wa Uganda mwenye asili ya Kihindi, Shekhar Mehta, naye katika Datsun.

Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 watoke Uganda. Mehta na jamaa yake wakahamia Kenya. Kiwanda cha sukari na mashamba ya Lugazi vikabaki nyuma.

Wenye magari wangeweza kusema: huyu angoje, atulie kwanza. Lakini Pasaka ya 1973 Mehta alikuwa tena kwenye usukani wa Datsun. Mwishoni yeye na Harry Källström wa Sweden wakalingana, kila mmoja pointi 406. Ikaangaliwa nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Alikuwa Mehta. Akashinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982. Na katika miaka hiyo ya 1980 jamaa yake wakarudi Lugazi kufufua kiwanda.

Kuna atakayesema: huyo alikuwa mtoto wa tajiri, sisi hatuko hivyo. Ni kweli, tusidanganyane. Wengi wetu tulivuka ziwa na sufuria moja na watoto. Lakini mali ya Lugazi haikumsaidia kwenye tope. Kilichomsaidia ni kwamba watu walikuwa wamemwona akiendesha mwaka 1971.

Basi pendekezo letu, sisi tunaotembea mitaani kila wiki, ni hili. Aliyerudi asiulizwe kiwanja. Aulizwe: nani alikuona ukifanya kazi? Mama aliyeshona nguo Nyarugusu, mvuvi, fundi wa pikipiki, kila mmoja alete wanamemba wawili walioiona kazi yake. Apate mkopo mdogo, alipe, ndipo aongezewe.

Kikao kijacho tutapiga kura. Tafadhali mfike mapema, na mje na waliorudi karibuni. Nao wasikilizwe.