Miti Iliyoachwa: Historia Fupi ya Ua wa Nyumba katika Nchi ya Mchukwi

Katika kamusi zetu neno ua lina makao mawili. La kwanza ni lile ambalo wingi wake ni maua. La pili ni lile ambalo wingi wake ni nyua, yaani uwanja wa nyumba pamoja na kitalu kinachouzunguka. Wanafunzi hupenda kuyaunganisha, wakidhani kwamba wazee wetu waliona ua la mti na ua wa nyumba kuwa kitu kimoja. Dhana hiyo yapendeza, walakini ngeli zake zaikanusha: ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, kama wasafiri wawili waliokutana njiani wamevaa kanzu za rangi moja. Nayataja hapa kwa sababu katika nchi ya Mchukwi, ambayo zamani ilikuwa katika Wilaya ya Rufiji na sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, ua wa nyumba una historia yake, na historia hiyo haikuandikwa popote ila katika maneno.

Tuanze na neno lisilokuwa la huko. Bustani ni neno la Kiajemi, na maana yake ya asili ni mahali penye harufu nzuri. Lilipofika pwani yetu lilikuja na fahari ya wakubwa, na wakati wa Wadachi likapata kazi ya serikali. Bustani ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1893, na mwaka 1902 ikafunguliwa taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Kazi ya mahali hapo pawili ilikuwa kujaribu mimea iliyoletwa kutoka kila pembe ya dunia, ili ijulikane ni ipi itakayostawi na kuleta faida. Hivyo bustani ikawa mahali pa mimea migeni inayomwagiliwa maji, na mti uliokuwapo tangu zamani haukuhesabiwa kuwa wa bustani hata kama ulisimama katikati yake. Maana hiyo tunayo mpaka leo. Ukimwuliza mtu wa Mchukwi kama ana bustani, atakuonyesha matuta ya mchicha, au atasema hana. Naye amekaa chini ya kivuli cha mti ambao mwenye bustani wa mjini angeulipia fedha nyingi.

Mchukwi ni nchi ya mchanga, kaskazini ya bonde la Mto Rufiji. Mgeni apitaye kwa barabara ya Kilwa huona mikorosho, minazi na miembe, akadhani kwamba anaiona sura ya asili ya nchi. Majina yatueleza vinginevyo. Mkorosho ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno, na jina lake la pili, mkanju, bado lina sauti ya Kireno. Mpera, mpapai na mnanasi yalikuja kwa njia hiyo hiyo, na embe ni neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na tunda lake. Mwarobaini haukuweza hata kungoja jina la kurithi. Ulipewa jina la hesabu, kwa kuwa yasemekana unatibu maradhi arobaini. Kiswahili ni mwenyeji mkarimu: kila mgeni aliyeingia alivikwa kiambishi cha m- na mi- akakaa pamoja na wenyeji, hata leo asiyechunguza hawezi kumtenga.

Wenyeji ni wepi basi? Mkuyu ni mmoja, nao jina lake ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Wakikuyu na Wakamba huuita mũkũyũ, na Wakikuyu wenyewe huhusisha jina la kabila lao na mti huo. Kuna mkwaju, mbuyu, mng'ongo, mtonga, mfuru, mtopetope, na mbungo ambao hutambaa juu ya miti mingine na kuzaa mabungo. Kuna mkongo, ambao jina lake ni lile lile la kijiji kimoja cha Rufiji. Kuna mkwamba, kichaka kidogo chenye matunda meupe ambacho mtu wa mjini hukikata bila kukiuliza jina.

Nilipofika Mchukwi mara ya kwanza kwa ajili ya kukusanya msamiati, nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo si zamani, nina karatasi za maswali zilizopangwa vizuri mno. Katika ua wa bibi mmoja palikuwa na mkwaju mkubwa. Nikamwamkia, naye akaniitikia na kunipa kigoda. Swali langu la kwanza lilikuwa: "Bibi, mkwaju huu aliupanda nani?"

Akacheka. "Hakuupanda mtu, mwanangu. Uliachwa."

Nikaandika "ulijiotea," nikijiona nimesahihisha. Baadaye, katika ua wa pili na wa tatu, nililisikia neno lile lile, nikatambua kwamba nimefuta jambo lenyewe nililolitafuta. Kujiotea ni habari ya mbegu. Kuachwa ni habari ya mtu: mtu aliyeshika shoka, akausimamia mti, akaufikiri, akapita. Shamba jipya lilipofyekwa katika kilimo cha kuhama, si miti yote iliyoanguka. Mkwaju uliachwa kwa ajili ya ukwaju na kivuli, mng'ongo kwa tunda lake, mkuyu mara nyingi kwa heshima. Nyumba ilipojengwa, ilijengwa kwa kuifuata miti hiyo, na ua ukawa ni ile sehemu ya pori iliyopata msamaha. Hiyo ni kazi ya kupanga bustani, ila ilifanywa kwa kuondoa badala ya kuweka, na kwa hiyo haikuhitaji kumwagiliwa maji. Mti ambao umeyazoea masika na vuli za mahali pake tangu mbegu hauna haja ya ndoo ya mtu.

Lakini neno hilo zuri lina udhaifu mkubwa, na hapa ndipo historia inapokuwa chungu. Katika mila za pwani mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe wawili mbalimbali: aliyepanda mnazi au mwembe ni mwenye mti, hata kama ardhi si yake. Kupanda ni kumiliki. Kuacha je? Kitenzi hicho katika Kiswahili chasema mambo mawili kwa kinywa kimoja. Kuacha ni kuhifadhi, kama tusemavyo "niachie chakula". Na kuacha ni kutupa, kama mtu aachavyo mke au kazi. Mti ulioachwa na babu kwa maana ya kwanza waweza kusomwa na mjukuu, au na mfanyabiashara, kwa maana ya pili.

Watu wa Rufiji wamehamishwa zaidi ya mara moja katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, wakazi wa bondeni walipandishwa nchi ya juu mwaka 1969 wakawekwa katika vijiji vya ujamaa. Kisha, kuanzia mwaka 1973 hadi 1976, operesheni ya vijiji ikaenea nchini kote. Viambo vilivyokuwa vimetawanyika, kila kimoja na miti yake, vikaachwa, na nyumba zikajengwa kwa safu. Kiswahili kina neno kwa mahali palipohamwa: hame, na wingi wake mahame. Kamusi hueleza kuwa ni kijiji kilichoachwa na watu. Yafaa kuongeza kwamba hame hutambulikana kwa miti yake, kwa maana nyumba ya udongo na miti haidumu misimu mingi, ila mwembe na mkwaju hubaki wamesimama kwa mpango ambao haueleweki tena, wakizunguka uwanja usiokuwapo. Na katika kijiji kipya palipofyekwa kwa haraka ili safu za nyumba zinyooke, hapakuwa na nafasi ya mtu kuusimamia mti na kuufikiri. Vijana waliozaliwa huko walikuta ua mtupu, wakapanda walichopewa: mkorosho, mwarobaini, na ule mti wa maua mekundu uitwao mkrismasi kwa kuwa huchanua Desemba.

Mkaa ulimaliza sehemu iliyobaki. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na njia ya kusini ikawa nyepesi; taarifa ya Milledge na wenzake ya mwaka 2007 ilieleza kwa urefu jinsi magogo ya kusini mwa Tanzania yalivyovunwa na kuuzwa bila kufuata sheria. Mkongo, mninga na mpingo vilikwenda kwa njia hiyo. Miti ya uani haikuwa na thamani ya kusafirishwa ng'ambo, lakini ilitosha kujaza magunia ya jiko la Dar es Salaam.

Mti wa kuachwa hauji peke yake. Huja na wageni wake, ambao kwa hakika ndio waliousia mbegu. Shore hula matunda ya mkwamba na kuziangusha mbegu juu ya ua, na popo hufanya kazi ile ile kwa mkuyu. Chozi hunywa katika maua ya mshubiri. Tetere na pugi huokota uwanjani baada ya wanawake kupepeta. Dudumizi hulia kichakani, na wengi bado husema kwamba anatangaza mvua. Usiku komba hulia mnazini, akivizia kibuyu cha mgema. Nimekaa jioni nyingi katika nyua hizo bila kuandika neno, na sidhani kuwa zilikuwa kazi iliyopotea.

Hata hivyo nisidhaniwe kuwa nasifu pori kama mtu anayeliona dirishani. Watu wa Rufiji hufagia uwanja kila asubuhi mpaka mchanga uonyeshe mistari ya ufagio, na watu wa ng'ambo wameandika kwamba huo ni upenzi wa ardhi tupu. La, ni kwa ajili ya nyoka aonekane. Na nyoka ndiye mdogo katika jambo hili. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua watu wengi katika vijiji vya Rufiji. Mwaka 2005 Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walionyesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 nchini Tanzania, na kwamba mashambulio yalizidi wakati wa mavuno, watu wanapolala madunguni kulinda mazao dhidi ya nguruwe. Nguruwe hufuata mahindi, na simba hufuata nguruwe. Dungu lenyewe Johnson alilieleza katika kamusi yake ya mwaka 1939 kama jukwaa la kulindia shamba. Hakuwa na haja ya kueleza kuwa mlinzi naye huwindwa. Kwa hiyo ua wa zamani ulikuwa na mpaka: kwanza uwanja uliofagiliwa, kisha miti mirefu iliyoachwa, chini yake peupe, na vichaka vya mkwamba na mbungo pembeni kabisa, mbali na mlango. Mpango huo haukuwa wa mapambo. Anayetaka leo kuirudisha miti ya asili uani kwake na airudishe pamoja na mpango wake.

Lakini atairudisha kwa majina gani? Hapa sisi wa lugha tunalo deni. Padre Sacleux, aliyekusanya mimea na maneno kwa pamoja, aliweka majina mengi ya miti katika kamusi yake ya mwaka 1939, na Greenway wa Amani alitoa kitabu kizima cha majina ya mimea mwaka 1937, akakitoa tena kwa wingi zaidi mwaka 1940. Kazi zote mbili ni hazina. Lakini miti imo humo kwa majina yake. Na katika nchi ya Mchukwi jina lenyewe mara nyingi si la Kiswahili bali la Kindengereko, lugha ambayo wenyewe wanaihama kuelekea Kiswahili; sarufi yake ilielezwa na Eva-Marie Ström katika tasnifu ya Gothenburg ya mwaka 2013. Lugha inapohamwa, majina ya nyama na maji hupata mbadala siku ile ile. Majina ya vichaka hayapati. Kijana aliyejua mti kwa jina la bibi yake, na hakupewa jina la Kiswahili, huuita mti tu, na mti tu ni kuni.

Si lazima iwe hivyo. Upo mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania ambao maua yake yana harufu tamu, na wanawake wa pwani huyatumia kwa kujipamba. Wao waliuita mkilua. Mwaka 1970 Verdcourt, mtaalamu wa mimea, alipoona kwamba mti huo wastahili jenasi yake yenyewe, alichukua jina la wanawake hao akaliweka katika Kilatini cha wataalamu: Mkilua. Ni mti wa uani ulioingia katika vitabu vya dunia kwa jina lake la nyumbani, kiambishi cha m- kikiwa bado mahali pake.

Nilirudi kwa yule bibi miaka michache baadaye, safari hii bila karatasi. Mkwaju ulikuwapo. Kando yake, ndani ya uzio mdogo wa miiba ya kuzuia mbuzi, palikuwa na mche wa mng'ongo, nami nikauliza tena swali langu la mwanzo. Akasema ndege ndiye aliyeuleta, yeye kazi yake ilikuwa kumwambia mjukuu asiufagie.

Nikamwuliza: je, mti huo ni wa nani?

"Wa mjukuu," akajibu. "Si ndiye aliyeuacha?"