SOMO LA HISTORIA: MAJI YA CHITANE

  Nyinyi mlioko Mbinga, na nyinyi mlioko ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kule Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, leo tuna habari iliyopita karibu na kwenu. Ni habari ya mbwa. Msicheke kwanza. Mbwa huyu aliandikwa katika kitabu cha historia, na watu waliyaita maji kwa jina lake.

Kwanza tujue alikuwa mbwa wa namna gani. Huko Ulaya wako mbwa waitwao pudeli. Jina hilo limetoka kwa Wajerumani, na asili yake ni neno la kupigapiga maji. Siku hizi watu wengi humfuga pudeli nyumbani kwa kujifurahisha, lakini zamani alikuwa mbwa wa kazi. Mwindaji alipopiga bata kwa bunduki, na bata akaanguka majini, mbwa alijitosa, akaogelea, akamleta kinywani bila kumtafuna.

Manyoya yake ni mengi na yamejikunja, nayo humkinga na baridi. Lakini yakiachwa marefu hubeba maji na kumlemea. Kwa hiyo wenye mbwa walimnyoa sehemu ya nyuma apate kuogelea kwa wepesi, wakayaacha manyoya ya kifuani yampe joto. Wareno nao walikuwa na mbwa wao wa maji, waliokwenda baharini pamoja na wavuvi. Kazi yao ilikuwa kuwafukuza samaki waingie wavuni, na kuokota nyavu zilizochukuliwa na maji. Bila shaka nyinyi wavuvi mnaona faida ya msaidizi kama huyo.

Haya, sasa tuje kwetu. Tazameni ramani. Mto Ruvuma unaanzia katika milima ya Umatengo, unakwenda mashariki mpaka Bahari ya Hindi. Mwezi wa Machi 1866 Daktari David Livingstone alishuka pwani ya Mikindani, kaskazini ya mdomo wa mto huo. Alitaka kutafuta chanzo cha mto Nile, tena alitaka ulimwengu ujue ubaya wa biashara ya watumwa. Alikuwa na askari kutoka Bara Hindi, watu wa kisiwa cha Nzwani, na vijana wa Kiafrika, miongoni mwao Chuma na Susi. Alikuwa na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda. Tena katika msafara alikuwamo pudeli mdogo, jina lake Chitane.

Walifuata Ruvuma, kisha wakashika njia ya kusini ya mto kupita nchi ya Wayao. Tarehe 8 Agosti 1866 wakafika Ziwa Nyasa, upande ambao leo ni Msumbiji. Livingstone alitaka kuvuka ziwa kwa jahazi, lakini wenye majahazi walikuwa wafanya biashara ya watumwa, nao walimkwepa. Ikawa lazima kulizunguka ziwa kwa miguu upande wa kusini.

Je, Chitane alifanya kazi gani? Hapakuwa na bata wa kuokota. Usiku alilinda vibanda. Mbwa wa vijijini hawakuthubutu kusogea kuiba chakula, na yeye mwenyewe hakuiba. Mchana, njiani, alikimbia mbele ya msafara, kisha akarudi nyuma, kama mnyapara anayetazama kama wote wapo. Watu vijijini walikuja kumkodolea macho yeye na bwana wake pamoja. Hata manyoya yake yalianza kugeuka rangi, yakawa mekundu-mekundu.

Januari 1867 walikuwa katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mvua zilikuwa nyingi na njaa kali. Tarehe 15 walifika kwenye maji ya Chimbwe, mahali penye upana wa maili moja, yaani zaidi ya kilometa moja na nusu. Kiongozi wa njia alikataa kuwaonyesha kivuko chembamba. Maji yalifika kiunoni, chini ni matope laini yenye mashimo, na ng'ambo palijaa ruba. Kila mtu alishughulika asianguke.

Fikirini: penye maji ya kiuno mtu mzima anatembea, lakini mbwa mdogo hana pa kukanyaga. Kwake ni kuogelea maili nzima. Walipofika ng'ambo, Chitane hayupo. Mlinzi aliyewatazama wote, siku ile hakutazamwa na mtu.

Livingstone hakumlaumu kijana yeyote. Aliandika katika daftari lake kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuvuka, naye hakutoa amri juu ya mbwa. Na kwamba bila shaka mbwa aliogelea mpaka akafa. Vijana wa msafara wakapaita mahali pale Maji ya Chitane.

Livingstone alikufa mwaka 1873, na mwaka 1874 habari za daftari zikapigwa chapa London. Ndiyo sababu tunamjua Chitane leo. Vijana walitoa jina, na kalamu ikalihifadhi. Nanyi mnaojifunza kuandika, kumbukeni kwamba jambo dogo likiandikwa siku ile ile hudumu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini pudeli alinyolewa nyuma na kuachwa manyoya kifuani?
2. Kwa nini Livingstone hakuvuka Ziwa Nyasa kwa jahazi?
3. Mnapovuka mto au kupanda mtumbwi, nani ana wajibu wa kuhesabu wote, wadogo na wakubwa?
4. Andika jina la mahali kijijini kwenu, na habari ya asili yake.